Upimaji wa insha za tafakuri

Upimaji wa insha za tafakuri ni ukadiriaji wa maandishi ambamo mwanafunzi wa chuo anaeleza jinsi alivyoandika kazi zake, maamuzi aliyoyafikia na sababu zake. Umeenea hasa katika kozi za uandishi za mwaka wa kwanza nchini Marekani, ambako insha hiyo mara nyingi huwa barua inayotangulia mkoba wa kazi za muhula.

Chimbuko

Msingi wa kinadharia unatokana na John Dewey (How We Think, 1910) na Donald Schön (The Reflective Practitioner, 1983). Katika madarasa ya uandishi, tafakuri ilishika mizizi pamoja na mkoba wa kazi, ambao Peter Elbow na Pat Belanoff waliuanzisha katika chuo kikuu cha Stony Brook, New York, miaka ya 1980, badala ya mtihani wa insha moja. Mwaka 1998 Kathleen Blake Yancey alichapisha Reflection in the Writing Classroom, akitenganisha tafakuri ya wakati wa kuandika, ile inayojengeka kutoka kazi moja hadi nyingine, na ile inayoandikwa kwa ajili ya msomaji.

Vigezo

Mwaka 2005 Edward M. White alipendekeza kwamba barua ya tafakuri ipimwe kama hoja: malengo ya kozi yawe madai, na kazi zilizomo mkobani ziwe ushahidi. Kwa kigezo hiki, kudai kwamba utangulizi umeboreka hakutoshi. Mwandishi hunukuu rasimu ya awali na ya mwisho, kisha hueleza kilichomfanya abadilishe. Hivyo anayebainisha kwa usahihi udhaifu wa insha yake anaweza kupata alama nzuri ya tafakuri.

Mjadala

Mwanafunzi anajua kwamba msomaji wake ndiye mtoa alama, kwa hiyo huvutwa kusimulia maendeleo na kuisifu kozi. Mwalimu naye hawezi kupima unyofu wa moyo. Anachoweza kupima ni uzito wa ushahidi. Baadhi ya walimu hutoa maoni bila alama, au alama ya kukamilisha kazi tu. Asao B. Inoue anatetea mkataba unaotoa alama kwa kazi iliyofanywa badala ya ubora wake, na katika mfumo huo tafakuri haigombei alama ya ubora.