Pampu Inapolia

Mshale wa joto ulipoanza kushuka, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Sikujua kwamba dakika hiyohiyo nilikuwa naiua injini ya mjomba.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nikipanda kutoka Mai Mahiu kurudi Nairobi ndani ya Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye boneti ndefu na umri unaozidi wangu maradufu. Naivasha nilikuwa nimekutana na mnunuzi. Alilizunguka gari, akalipiga picha, tukaafikiana bei. Jumatatu angekuja mjini na pesa. Pesa hizo zilikuwa na kazi moja tu: kunirudisha chuo kikuu. Niliacha uhandisi mwaka wa pili karo iliponishinda, na mjomba, ambaye hana mtoto, aliamua kuuza kitu anachokipenda kuliko vyote ili nimalize.

Ili uelewe alikuwa akiuza nini, rudi nami hadi Pasaka ya 1973.

Safari Rally ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ishirini baadaye sherehe ya Malkia ilikuwa imesahaulika lakini vumbi lilikuwa lilelile. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda 1970 kwa Datsun 1600SSS. Mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta kwenye 240Z nyingine. Kisha ikaja 1973, mwaka ambao ubingwa wa dunia wa rally ulianza na Safari ikawa moja ya mashindano yake. Mehta alikuwa amezaliwa Uganda, akahamia Kenya Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Alimaliza akiwa sare na Harry Källström, naye pia kwenye Datsun. Walikuwa na adhabu sawasawa! Ikabidi waamuzi waulize swali moja: nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza? Jibu likawa Mehta.

Mjomba alikuwa na miaka kumi, amesimama kando ya barabara na matope hadi kwenye nyusi. Anasema hakumwona dereva wala rangi. Aliisikia sauti, basi. Miaka zaidi ya ishirini baadaye alipata 240Z kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, akailipa kwa awamu. Jirani zake walikuwa wakinunua mashamba.

Sasa tufungue boneti. Injini ya 240Z inaitwa L24. Ni ndugu wa L16, ile ya 1600SSS: kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 83, ila L16 ina silinda nne na L24 ina sita. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini. Ndoa hiyo hupendeza injini ikiwa na joto la kawaida. Joto likizidi, alumini hutanuka kuliko chuma, hedi inajipinda, gasketi inaungua, na hapo umeingia gharama.

Kazi ya kuilinda ndoa hiyo ni ya pampu ya maji. Yenyewe ni kitu kidogo: puli mbele, shafti katikati, beringi, sili, na gurudumu la mapanga linalosukuma maji kutoka kwenye rejeta kuingia kwenye injini. Magari hayakuanza nayo. Gari la Karl Benz la 1886 lilichemsha maji yake yakapotea kama mvuke, ukabaki unaongeza mengine njiani. Ford Model T za kwanza kabisa, mwaka 1908, zilikuwa na pampu, halafu Ford akaiondoa na kuacha maji yajizungushe yenyewe, kwa kuwa maji moto hupanda na yaliyopoa hushuka. Kwa gari la mwendo wa pole ilitosha. Injini zilipopata nguvu, pampu ikarudi ikakaa.

Porsche walichagua njia nyingine. 911 ya miaka hiyo ilipozwa kwa hewa na oili, haikuwa na maji wala pampu ya maji ya kufa. Ungedhani Safari ingekuwa yao. Lakini 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili, nyuma ya Joginder Singh kwenye Mitsubishi Lancer, na 1978 Vic Preston Jr akawa wa pili tena kwa 911. Magari ya maji yaliwapiga. Kitu kinachoweza kuharibika si lazima kikuangushe, mradi kuna mtu anayekiangalia. Nyuma ya kila dereva wa Safari kulikuwa na mafundi waliomngoja njiani na spana na spea, na majina yao hayamo kwenye kombe.

Datsun ya mjomba ilikuwa na fundi mmoja, mzee wa Grogan. Kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga, lakini mtu akitafuta spea bado anasema Grogan, jina la mlowezi aliyekufa zamani. Wiki mbili kabla ya safari yangu, mzee huyo aliinama mbele ya gari, akashika feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa, akaitikisa mbele na nyuma. Ikacheza kidogo.

"Kijana, pampu inalia," akasema. "Ibadilishe kabla hujaenda mbali."

Kwenye 240Z feni imefungwa kwenye shafti ya pampu, kwa hiyo feni ikicheza, beringi imechoka. Chini ya pampu kuna tundu dogo ambalo halikusahauliwa na kiwanda; liliwekwa makusudi. Sili ikianza kushindwa, maji hutokea hapo kabla hayajaingia kwenye beringi. Tone moja, kisha jingine. Ni pampu inayokuambia bado kuna muda.

Nililiona tone hilo kwenye simenti asubuhi tatu mfululizo. Nilikuwa nimesoma pampu darasani, nikachora mikondo ya maji na kupata alama nzuri. Nikajiambia gari linauzwa, tatizo ni la mnunuzi. Nikaongeza maji ya mfereji nikafunga kifuniko.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, na ukipanda juu zaidi huchemka mapema zaidi. Injini ya 240Z hupenda kukaa kwenye nyuzi zipatazo 82. Kinachokupa nafasi ni presha inayofungiwa ndani ya rejeta, kwa maana maji yenye presha huchelewa kuchemka. Pampu inayovuja huitoa presha hiyo, na mlima haukungojei.

Kwenye kona za juu ya Mai Mahiu mshale ulipanda. Nikakumbuka ushauri wa mtaani: washa hita, joto litoke. Nikawasha. Ikapuliza hewa baridi. Hapo ningesimama. Hita baridi kwenye injini moto maana yake maji hayazunguki. Halafu mshale ukashuka, nami nikakanyaga mafuta. Kumbe maji yalikuwa yameisha mahali sensa ilipo. Ilikuwa inapima mvuke na hewa. Geji ilisema kweli kuhusu kitu ambacho hakikuwa maji.

Kilomita mbili mbele nguvu ikaisha, mvuke ukafunika kioo.

Gari lilifika Grogan likiwa limebebwa. Hedi ilikuwa imepinda, gasketi imekatika kati ya silinda mbili. Mnunuzi alipokea simu yangu kwa heshima, akasema atafikiria, hakupiga tena. Muhula ukafunguliwa bila mimi.

Mjomba alikuja na basi kutoka nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliichukua pampu ya zamani, akaizungusha kwa kidole ikakwaruza, akanisogezea sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Sawa. Sasa tafuta pesa ya hedi."

Ninaitafuta, makala moja baada ya nyingine. Hedi imeshanyooshwa na kusawazishwa, pampu mpya iko kwenye boksi lake mezani kwangu, na mzee wa Grogan amekubali niifunge mwenyewe yeye akiangalia. Gari likipona, mjomba anasema bado tutaliuza. Mimi sijui kama nitarudi darasani. Ila kila asubuhi nikipita kwa mzee huyo, kabla hata ya kumsalimia, ninaangalia chini ya magari.