Jangwa Halina Jirani

Sisi wa Mjimwema na Songea kwa jumla tunalijua tope. Kabla ya lami ya Makambako kutufikia katika miaka ya 1980, lori kukwama wakati wa masika halikuwa jambo la ajabu. Dereva alishuka, akapiga hodi kijiji cha karibu, watu wakaja na majembe, magogo na mabega yao. Juma hili tuzungumzie safari isiyo na mlango wa kupiga hodi, yaani kulikatiza kwa gari jangwa la Sudan na Misri.

Wakoloni wa Kiingereza waliota barabara moja kutoka Cape Town hadi Cairo. Septemba 1924, Meja Court Treatt, mkewe Stella na wenzao waliondoka Cape Town na magari mawili aina ya Crossley. Walipita Rodeshia, wakaingia Tanganyika, wakaendelea hadi Sudan, na wakafika Cairo Januari 1926. Miezi 16! Mvua, mito na matope ndivyo vilivyowala muda mwingi. Na walipokwama, mara nyingi waliovuta kamba ni Waafrika wa vijiji vya njiani. Vitabu vimetunza jina la gari, lakini majina ya waliolivuta havikuyatunza.

Jangwani hakuna wa kuvuta. Huko aliyepona ni yule aliyejiandaa kabla ya kuwasha moto. Mmoja wa waliogeuza maandalizi hayo kuwa elimu ni Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyelizunguka jangwa la Misri, Libya na Sudan kwa magari ya Ford tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Maji ni uhai, naye aliona rejeta ikichemka na kuyamwaga hewani. Akaunganisha bomba kutoka rejeta hadi kwenye debe lenye maji. Mvuke ukaingia humo na kupoa, na injini ilipopoa maji yakafyonzwa kurudi kwenye rejeta. Kwa kuwa chuma cha gari huidanganya dira ya kawaida, alitumia dira ya jua inayosoma kivuli cha sindano. Kwenye mchanga laini alipunguza upepo wa matairi, na gari lilipozama alitandika vyuma virefu chini ya magurudumu.

Mwaka 1940 elimu hiyo iliingia vitani, Bagnold alipounda kikosi cha doria za masafa marefu jangwani. Vita hiyo hiyo iliwapeleka Misri na Libya vijana wa Afrika Mashariki, Watanganyika wakiwamo, katika vikosi vya kazi. Walichimba, walijenga, walipakia na kupakua. Doria za jangwani zimeandikiwa vitabu vingi. Wale wa sururu wameandikiwa vichache mno.

Njia yenyewe imebadilika. Mji wa zamani wa Wadi Halfa ulizama katika ziwa la bwawa la Aswan miaka ya 1960, na kwa muda mrefu magari yalivuka kuingia Misri kwa chombo cha majini. Mwaka 2014 kituo cha mpakani cha Qustul kilifunguliwa, na gari likaweza kupita barabarani. Wasafiri wakaandaa madumu, spea, viza na hati za forodha, wakaamini kwamba ndoto ya Cape hadi Cairo imekuwa rahisi. Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum. Dumu la maji halizuii risasi, wala hati ya forodha haimpatii mtu njia kati ya majeshi mawili yanayopigana.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Maji, mafuta na dira mtu aweza kuviweka akiba nyumbani kwake. Amani haiwekwi na msafiri mmoja. Huwekwa na nchi nzima, miaka mingi kabla ya safari. Wanaoipata barabara yao salama kila asubuhi, kama sisi, tujue kuna waliotuandalia.