Maji Yakipwa Maparoni: Rada ya Setilaiti na Safari ya Mtoto Mgonjwa

Mama wa Maparoni, katika delta ya mto Rufiji, anayeamshwa usiku na homa ya mwanawe haanzi kwa kuuliza zahanati iko kilomita ngapi. Huuliza maji yakoje. Yakiwa yamejaa, na hasa wakati wa bamvua, mtumbwi hukata mkondo moja kwa moja. Yakiwa yamekupwa, mkondo uleule ni tope na mizizi ya mikoko, na lililobaki ni kumkanda mtoto kwa kitambaa cha maji na kungoja. Umbali kwenye ramani haubadiliki, lakini safari yenyewe hubadilika mara nne kila siku.

Ninaanza na mama huyo kwa sababu mijadala ya setilaiti na afya ya watoto huanzia kwingine. Huanzia kwenye ugonjwa: mtafiti anataka kuyaona mazalia ya mbu kutoka angani, au kuupima moshi unaoingia mapafuni mwa watoto. Hoja yangu ni kwamba katika delta ya Rufiji, upimaji wa mbali unaotumia polaraizesheni una kazi inayotangulia hizo zote, nayo ni kuipima safari ya mtoto mgonjwa hadi kwa mhudumu.

Polaraizesheni si jambo la maabara tu. Aliyepanda boti Nyamisati saa sita mchana anajua jinsi jua linavyorudi usoni kutoka majini hadi nahodha anashusha kofia. Mwanga wa jua hutetemeka kwa pande zote, lakini ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa ya ule unaorudi hutetemeka kwa ulalo, sambamba na uso wa maji. Vaa miwani yenye kichujio kinachopitisha mtetemo wa wima pekee, na mng'ao unaondoka. Rangi ya tope inajitokeza, na mizizi iliyozama kidogo inaonekana. Mfaransa Étienne-Louis Malus alilibaini jambo hilo mwaka 1808, alipotazama kupitia kipande cha fuwele ya kalsaiti mwanga wa jua uliorudi kutoka madirisha ya kasri la Luxembourg, Paris.

Rada ni ndugu wa mwanga huo. Mawimbi yake ni marefu zaidi, tabia ni ileile. Setilaiti ya Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa Aprili 2014, hutuma chini mawimbi ya sentimita 5.5 hivi yanayotetemeka kwa wima, kisha hupokea kwa mafungu mawili: yaliyorudi yakiwa bado wima, na yaliyogeuzwa yakalala. Maji tulivu huyatupa mawimbi upande wa pili kama kioo, kwa hiyo kwenye picha huwa meusi. Matawi na majani ya mikoko huyavuruga, na sehemu yake hurudi yakiwa yamelala. Kwa kulinganisha mafungu hayo mawili, mchambuzi hutenganisha mkondo, tope, shamba la mpunga na msitu. Giza halizuii rada, wala mawingu hayaizuii. Wakati wa masika hilo ni jambo kubwa. Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, chombo kinachohitaji anga safi kingekuwa na kidogo cha kusema.

Jicho la angani si geni kwa delta hii. Novemba 1914 ndege ya Waingereza iliruka juu ya mikoko kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha mtoni, na Julai 1915 ndege zilizotoka Mafia zilielekeza mizinga hadi meli hiyo ikaangamia. Miongo kadhaa baadaye picha za anga zilitumika kwa kazi njema zaidi. Profesa Adelaida Semesi na wenzake walipoandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara wa mwaka 1991, Rufiji ilihesabiwa kuwa na zaidi ya hekta 53,000, msitu mkubwa kuliko mwingine wa aina yake Afrika Mashariki. Miti ya delta, basi, imekwisha kuhesabiwa kutoka juu. Watoto wake wamehesabiwa kwa uchache mno kutoka chini.

Hapo ndipo historia ya utafiti wa afya Rufiji inapouma. Wilaya hiyo, wakati ambapo Kibiti ilikuwa bado sehemu yake, ilikuwa miongoni mwa zilizochunguzwa kwa makini zaidi barani Afrika. Mfumo wa kufuatilia kaya uliokuja kusimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara ulianza mwaka 1998. Wadodosaji walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi 4, wakaandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki, na mtoto alipofariki ndugu zake waliulizwa dalili alizokuwa nazo ili sababu ya kifo ijulikane hata kama hakufika hospitali. Sambamba na hilo, mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya kwa ushirikiano na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, uliwaonyesha viongozi wa halmashauri jambo ambalo hawakuwa wamelitazama uso kwa uso: malaria ilikuwa ikichukua takribani asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, huku ikitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Bajeti ikabadilishwa, wahudumu wakafundishwa kumtibu mtoto kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmoja mmoja, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Si haki kuupa mradi huo sifa yote, kwa kuwa vyandarua vilikuwa vikienea wakati huohuo. Hata hivyo sijui mfano bora zaidi nchini wa takwimu zilizogeuka kuwa dawa.

Lakini vijiji vilivyofuatiliwa vilikuwa 31, katika kata sita za ukanda wa barabara kuu iendayo kusini: Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri na jirani zake. Kata za mikoko hazikuwemo. Sababu inaeleweka, kwani mdodosaji mwenye baiskeli hawezi kuvuka mkondo. Matokeo yake ni kwamba tunapozungumzia mtoto wa Rufiji katika maandiko ya kisayansi, mara nyingi tunamzungumzia mtoto wa barabarani.

Je, setilaiti haiwezi kuliziba pengo hilo kwa kuonyesha ugonjwa moja kwa moja? Kwa mbu, sidhani. Kipande kimoja cha picha ya Sentinel-1 ni mita 10 kwa 10. *Anopheles gambiae* hutaga katika dimbwi la kwato ya ng'ombe, au katika maji yaliyotuama ndani ya mtumbwi uliotelekezwa, na katika joto la pwani yai huwa mbu kamili kwa siku 10 hivi. Setilaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku 12, kizazi kizima kikiwa kimekwisha ruka. *Anopheles merus*, anayevumilia maji ya chumvichumvi, anaweza kuzaliana pembezoni mwa mikoko mahali ambapo mawimbi ya sentimita 5.5 huishia kwenye majani bila kufika chini. Na familia inayolala katika dungu shambani msimu wa kulinda mpunga inaumwa na mbu kwa sababu ya mahali ilipolala usiku huo, jambo ambalo picha haina habari nalo.

Kwa moshi jibu langu ni fupi. Chombo cha MAIA cha shirika la anga la Marekani, NASA, kimebuniwa kupima chembe za hewani kwa kutumia polaraizesheni na kuzihusisha na afya, na Addis Ababa ni mmoja wa miji iliyochaguliwa. Ni kazi ninayoiheshimu. Ila inahitaji vipimo vya ardhini, na moshi unaochangia nimonia kwa mtoto wa delta ni wa kuni zinazowaka jikoni, chini ya makuti. Kipimo cha anga ya nje hakifiki huko.

Turudi kwenye maji. Jaribio kubwa lililofanyika Bangladesh, Ghana na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2009 katika jarida la The Lancet, lilihusu wagonjwa wenye malaria kali wasioweza kumeza dawa. Miongoni mwa waliokuwa hawajafika kituoni hata baada ya saa 6, dozi moja ya artesunate iliyowekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari ilipunguza kwa nusu hivi vifo na ulemavu wa kudumu. Baadaye utafiti wa CARAMAL katika Kongo, Nijeria na Uganda haukuona nafuu hiyo dawa ilipogawiwa katika mazingira ya kawaida, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likasimamisha usambazaji kwa muda. Nikizisoma tafiti hizo mbili pamoja, naona zinaelekeza mahali pamoja: dawa ya kuanzia haina maana kama safari haikamiliki. Na muda wa saa 6 ni muda wa maji kutoka kupwa hadi kujaa. Mtoto wa Maparoni anayepatwa na degedege maji yanapoanza kupwa anaweza kuumaliza muda huo wote kabla mtumbwi haujaelea.

Safari hiyo rada inaweza kuichora. Picha za miaka 10 zipo na hazilipiwi. Zikipangwa kwa hatua ya maji badala ya tarehe, huonyesha mkondo upi hubaki na maji na upi hukauka, na kutoka hapo inawezekana kukadiria kila kitongoji hutengwa kwa muda gani. Upepo wa kusi ukichafua uso wa maji, maji huacha kuwa meusi, na picha za siku hizo zinafaa kuwekwa kando.

Kuna mtego mwingine, na sijaona ukipewa uzito. Sentinel-1 hupita karibu na saa 12 alfajiri au saa 12 jioni, siku zote. Katika pwani yetu maji ya bamvua hufikia kupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5, asubuhi na usiku. Maana yake setilaiti hiyo haiioni hata mara moja saa ambayo mikondo ni mikavu kuliko zote. ALOS-2 ya Japani, yenye mawimbi ya sentimita 23 hivi yanayopenya majani vizuri zaidi, hupita karibu na saa 6 mchana na saa 6 usiku, na hivyo husaidia kiasi. Kilichobaki kinajulikana na manahodha na wanawake wanaookota chaza na kaa. Bila wao ramani itaonyesha delta inayopitika kuliko ilivyo, na kosa la namna hiyo ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na ramani.

Mtu atauliza: kama wenyeji wanajua, setilaiti ya nini? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba bajeti haipangwi mkondoni. Hupangwa kwa kilomita, kwa idadi ya watu na kwa lengo la zahanati kila kijiji lililowekwa na Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017. Ramani ya muda wa kutengwa ingeweza kufanya kwa delta kile ambacho ulinganisho wa malaria na bajeti ulifanya kwa wilaya nzima: kuyaweka yanayojulikana na akina mama mbele ya mtu mwenye kalamu ya kuidhinisha boti ya wagonjwa, mafuta yake, na mhudumu wa afya ya jamii mwenye kipimo cha haraka na dawa mseto katika kitongoji kinachokauka.

Ramani hiyo itahitaji kuthibitishwa, na kwa hilo sipendekezi mradi mpya mkubwa. Napendekeza safu moja zaidi katika rejesta ya zahanati, pembeni ya umri, uzito na joto la mtoto: maji yalikuwaje mlipoondoka nyumbani. Majibu ni manne tu. Yamejaa, yanakupwa, yamekupwa, yanajaa. Muuguzi ataandika kwa herufi moja, na mama atajibu kabla hajaketi.