Fimbo ya Balabushka

Tuanze na swali jepesi. Kwenye meza ya pool, anayecheza ni mkono au ni fimbo?

Nauliza kwa sababu kila baa ya Dar yenye meza ya pool ina mwanafalsafa wake. Akipiga mpira ukaingia, mkono wake mtamu. Mpira ukikataa, fimbo imepinda. Na kusema kweli, mara nyingi fimbo imepinda kweli. Zile fimbo za baa zimeegemezwa ukutani mwaka mzima, ngozi ya nchani imelika mpaka imebaki nyembamba kama ukucha, na nyingine imebandikwa upya kwa gundi ya viatu. Lakini wapo watu duniani waliowahi kushika fimbo isiyo na lawama, fimbo iliyotengenezwa na fundi mmoja kwa ajili ya mchezaji mmoja. Hao walisema nini? Nimeifuatilia historia hiyo na nimeiona tamu, tena kipande chake kimoja kinapita hapa hapa kwetu, Bagamoyo na Unguja.

Mwanzoni hakukuwa na fimbo kama hii tunayoijua. Ulaya ya karne ya 17 na ya 18, biliadi ilichezwa kwa kifaa chenye kichwa kipana mbele, mfano wa rungu. Mpira haukupigwa, ulisukumwa. Taabu ilikuja pale mpira ulipoganda ukingoni mwa meza, maana kichwa kile kipana hakikufaa. Wachezaji wakawa wanakigeuza kifaa na kupigia mkia wake. Mkia kwa Kifaransa ni queue, na jina la Kiingereza la fimbo hii, cue, limetoka huko. Kwa hiyo tukisema ukweli, mpaka leo dunia nzima inachezea mkia.

Halafu akaja Kapteni François Mingaud, Mfaransa aliyekuwa mfungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Huyu bwana alipata nafasi ya kucheza biliadi akiwa kifungoni, na jina lake ndilo linalotajwa kwa kubandika kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Unaweza kudhani ni jambo dogo. Mti mtupu ukigusa mpira pembeni unateleza. Ngozi iliyopakwa chaki inashika. Tangu hapo mchezaji akaweza kuuzungusha mpira mweupe, akaurudisha nyuma, akausukuma mbele au akaubadilishia njia baada ya kugonga ukingo. Mchezo wote tunaoujua leo umekaa juu ya kile kipande cha ngozi.

Sasa twende Marekani, maana ndiko fimbo ilikopata majina ya watu. Mwaka 1845 mhamiaji kutoka Uswisi, John Moses Brunswick, alifungua karakana mjini Cincinnati na baadaye akaanza kutengeneza meza za biliadi. Kampuni yake ikakua mpaka ikawa jina kubwa kuliko mengine yote katika biashara hiyo. Ukumbi wa pool ulinunua meza za Brunswick na fimbo za Brunswick zikapangwa ukutani, kila mteja akachagua yake. Mfumo ni ule ule wa baa zetu, tofauti ni kwamba zile zilikuwa zimenyooka.

Kwa mchezaji wa kawaida fimbo ya ukutani ilitosha. Kwa anayecheza kwa pesa kulikuwa na mtego. Ukiingia ukumbini na mkoba wako mkononi, ukaufungua, ukatoa fimbo ya vipande viwili na kuiunga kwa skrubu, umeshatangaza kwamba wewe si mgeni wa mchezo huu. Nani ataweka dau lake mbele yako? Ndiyo maana wale wa kupiga watu dau walichukua fimbo ya ukutani kama watu wengine. Wajanja zaidi waliagiza fimbo iliyotengenezwa ifanane kabisa na ya ukutani, kumbe katikati ina kiungo, na ndani yake kuna kazi ya fundi bingwa. Fimbo za namna hiyo zinatengenezwa mpaka leo.

Mabingwa wa maonyesho hawakuwa na sababu ya kujificha. Chicago kulikuwa na fundi aitwaye Herman Rambow, aliyefanya kazi Brunswick kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1967. Huyu aliwatengenezea mabingwa kama Willie Hoppe na Willie Mosconi. Mosconi ndiye aliyeingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa, Machi 1954 huko Springfield, Ohio. Rekodi hiyo ilikaa miaka 65, mpaka mwaka 2019 John Schmidt alipofikisha 626, na mwaka 2022 Jayson Shaw akaenda mpaka 714.

Lakini jina lililowafunika mafundi wote ni George Balabushka. Alizaliwa Urusi mwaka 1912 na kufika Marekani akiwa mtoto, mwaka 1924. Alikuwa mtu wa mbao, kazi yake useremala, na pool alikuwa akiipenda. Mwaka 1959, akiwa Brooklyn, New York, alianza kukarabati na kutengeneza fimbo. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 16 tu, mpaka alipofariki Desemba 1975. Fimbo alizotengeneza maishani mwake zinakadiriwa kuwa elfu moja na kidogo.

Hapa ndipo penye utamu. Unadhani Balabushka alianza na mti gani wa ajabu? Alinunua fimbo za Brunswick za aina ya Titlist, zile zile za ukutani, akazikata katikati, akazikereza upya na kuzitia kiungo cha chuma, akazizungushia uzi wa kitani mahali pa kushikia. Jamani, fimbo iliyokuja kuitwa Stradivarius ya pool ilikuwa na fimbo ya ukutani ndani yake! Baadaye alipata miti iliyoandaliwa na Burton Spain wa Chicago, na pia rafiki yake Gus Szamboti wa Pennsylvania, ambaye naye alikuwa fundi mkubwa na akafariki mwaka 1988. Leo Balabushka halisi inauzwa kwa maelfu mengi ya dola, na ya Szamboti haiko mbali.

Filamu nayo ikapuliza moto. Mwaka 1986 ilitoka The Color of Money ya Martin Scorsese, ambamo mzee Eddie, aliyeigizwa na Paul Newman, anampa kijana wa Tom Cruise fimbo ya Balabushka kama mtu anayekabidhi upanga wa ukoo. Watu ambao hawajawahi kushika chaki wakajua jina hilo. Lakini fimbo inayoonekana kwenye filamu ile si Balabushka. Ni Joss, fimbo ya kampuni ya Dan Janes, iliyotengenezwa ifanane nayo. Watazamaji dunia nzima waliitamani Balabushka wakiwa wanaitazama nyingine.

Basi tuulize, fimbo ya fundi inachezaje? Sehemu ya mbele huwa ni mepo, mti mgumu wa nchi za baridi, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Fundi wa kweli haukerezi siku moja. Anaupunguza kidogo, anauacha utulie kwa miezi, anaupunguza tena, kwa sababu mti uliokatwa una tabia ya kutafuta umbo lake. Ukipinda, anautupa. Ukibaki umenyooka baada ya mikato yote hiyo, kuna matumaini utabaki hivyo. Nyuma huwekwa mti mzito zaidi ili mizani ikae vizuri mkononi. Fimbo nzima huwa na urefu wa sentimita 147 hivi na uzito wa takriban gramu 540. Wachezaji wakizisifia hutaja mguso na mlio. Wanasema kiungo cha chuma kinagonga kwa ukali, cha pembe ya ndovu kinagonga kwa ulaini.

Naam, pembe ya ndovu. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Katika karne ya 19 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe, na pembe za Afrika Mashariki zilisifiwa kwa ulaini wake. Zilibebwa mabegani mwa wapagazi na watumwa kutoka bara, kupitia Tabora mpaka Bagamoyo, zikavuka kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikapakiwa kwenda hata jimbo la Connecticut, ambako miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe kuwa vibao vya piano, vitana na mipira ya biliadi. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, maana mpira ulipaswa kukatwa ule mshipa wa ndani ya pembe upite katikati yake, la sivyo ungeyumba mezani. Pembe zilipokuwa ghali, wafanyabiashara Phelan na Collender wa New York waliahidi dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt wa Albany akahangaika na tatizo hilo na mwaka 1869 akapata seluloidi, mmoja wa mababu wa plastiki hii iliyojaa mitaani kwetu.

Mipira ikaacha pembe, lakini fimbo hazikuacha. Mafundi waliendelea kutia njumu za pembe, kutengeneza viungo vya pembe na ile pete iliyo chini ya ngozi, mpaka nchi za dunia zilipokubaliana mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na mwaka 2016 Marekani ikakaza sheria zake za ndani karibu kabisa. Kwa hiyo fimbo nyingine za zamani zilizofungiwa makabatini Marekani zina kipande cha ndovu ndani yake, na si ajabu baadhi walitoka porini kwetu.

Je, ndovu yule alisaidia mpira kuingia? Miaka ya 1990 watu wa kampuni ya Predator walijenga mashine ya kupiga mpira, mashine isiyo na mbwembwe wala bia kichwani, wakapima. Ngozi na mpira hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkono wako unapoisikia ile raha ya mguso, mpira umeshaondoka zamani. Kiungo kiwe cha chuma, cha mti au cha pembe, hakiwahi kusema neno. Kinachougeuza mpira mweupe njia unapopigwa pembeni ni uzito wa zile sentimita chache za mwanzo karibu na ncha. Wakatoboa mti kwa ndani ili kuupunguza uzito, na mpira ukapotoka kidogo zaidi. Kwa kipimo hicho, fimbo ya kiwandani ya leo inaishinda Balabushka ya bei ya gari.

Kama bado una shaka, mkumbuke Efren Reyes wa Ufilipino, mtoto aliyekulia kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake Manila na kulala juu ya meza. Kwa miaka mingi alijulikana kwa kuchezea fimbo ya bei rahisi. Mwaka 1996 huko Hong Kong alikutana na Earl Strickland kwa siku tatu, zawadi dola 100,000, akashinda 120 kwa 117. Strickland naye kwa miaka mingi alichezea Cuetec, fimbo ya kiwandani iliyovishwa kitambaa cha kioo. Wala Shane Van Boening, bingwa wa dunia wa mwaka 2022, hakuhitaji jina la marehemu kwenye fimbo yake.

Basi fimbo ya fundi ina faida gani? Ninavyoona mimi, faida yake ni moja na ni kubwa: inafanana na yenyewe. Ilivyopiga jana ndivyo itakavyopiga kesho. Mpira ukikataa, unajua aliyekosea ni nani. Fimbo nzuri haikupi uwezo, inakunyang'anya kisingizio, na mtu asiye na kisingizio ndiye anayejifunza. Mosconi aliijua fimbo yake, Reyes aliijua ya kwake ya bei rahisi, na wote wawili walikuwa sawa. Ile iliyofungiwa kwenye kabati la tajiri haimfundishi mtu. Wahenga walishasema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Ndiyo maana naona vijana wetu wananyimwa kitu ambacho si ghali. Kijana anayejifunza kwa fimbo tofauti kila siku, moja imepinda kulia na nyingine haina ngozi, hawezi kujua kosa lake liko wapi, na kipaji kinazeeka kikilalamika. Hatuhitaji Balabushka. Tunahitaji fimbo iliyonyooka na yenye ngozi nchani. Mpingo unaota Kilwa na Lindi, tunauuza nje ukawe zumari za Wazungu, na wapo mafundi wa Marekani wanaoutumia kwenye vishikio vya fimbo zao. Wakerezaji tunao. Yule seremala wa Brooklyn alianza kwa kushusha fimbo moja ukutani na kuitengeneza vizuri.