Kamati ya Seattle na hesabu ya figo

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mji wa Seattle nchini Marekani, walikuwa wakikutana watu saba ambao majina yao hayakutangazwa: mwanasheria, mchungaji, mtu wa benki, mama wa nyumbani, ofisa wa serikali, kiongozi wa chama cha wafanyakazi na daktari wa upasuaji. Waliletewa majalada ya wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi, nao walichagua nani aingizwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Aliyekosa nafasi alikufa, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisimulia habari hii darasani kama kisa cha mbali, cha kuwashtua wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla hawajasinzia. Kisha mjomba wangu akaugua figo. Aliandikiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tuliuza kiwanja, ndugu tukachangishana. Baada ya miezi michache akawa anakwenda mara mbili, kisha mara moja, kisha akasema amechoka kusafiri. Sote tulijua kuwa kilichomchosha si safari. Hakuna kamati iliyokaa kumjadili. Dirisha la malipo lilitosha. Tangu hapo siwezi tena kuieleza Seattle kama kioja cha Wamarekani. Nimeanza kulitilia maanani jambo ambalo zamani nililipita haraka: uamuzi wao, hata ulipokuwa mbaya, ulikuwa umeandikwa mahali, na kwa hiyo watu waliweza kuupinga.

Mashine ya kusafisha damu ilikuwapo tangu miaka ya 1940, lakini kila mgonjwa alipounganishwa nayo mishipa iliharibika, hivyo ilifaa kwa siku chache tu. Mwaka 1960 Dkt. Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alibuni mrija wa Teflon unaobaki mkononi mwa mgonjwa na kuunganishwa na mashine kila inapohitajika. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi hadi mwaka 1971. Uvumbuzi huo ndio uliozaa kamati. Kabla yake wote walikufa na hapakuwa na la kuchagua. Baada yake kulikuwa na vitanda vichache na wagonjwa wengi.

Kamati ilitazama umri, ndoa, idadi ya wategemezi, kipato, elimu, kazi na mwenendo wa mtu katika jamii. Mwandishi Shana Alexander alipolifichua jambo hili katika jarida la Life, Novemba 1962, wasomaji walishtuka. Miaka sita baadaye David Sanders, daktari, na Jesse Dukeminier, msomi wa sheria, walionya kwamba mtu kama Henry David Thoreau, mwandishi aliyejitenga na jamii akaishi msituni bila ajira ya maana, asingepona Seattle. Watu saba wenye nia njema walikuwa wamewatafuta watu wanaofanana nao.

Wamarekani walijitoa katika aibu hiyo kwa fedha. Novemba 1971 mgonjwa aitwaye Shep Glazer alisafishwa damu mbele ya wabunge wa Kongresi, mashine ikiwa kando yake. Oktoba 1972 Rais Nixon alitia saini sheria iliyoifanya bima ya umma igharimie matibabu ya karibu kila mgonjwa aliyeshindwa figo, bila kujali umri. Mashine zikaongezeka, kamati zikafa.

Figo ya kupandikiza, hata hivyo, haitengenezwi kiwandani. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston mwezi Desemba 1954, Ronald Herrick alipomtolea pacha wake Richard figo moja. Kwa kuwa walikuwa pacha wa kufanana, mwili haukuikataa. Dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo zilipoboreka, figo za marehemu zikaanza kutumika kwa wingi, na swali la Seattle likarudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1983 daktari mmoja wa Virginia alipendekeza biashara ya kununua figo za maskini, wakiwamo wa nchi kama zetu, na kuwauzia Wamarekani. Kongresi ilijibu kwa sheria ya mwaka 1984 iliyopiga marufuku uuzaji wa viungo na kuunda mtandao wa kitaifa wenye orodha moja ya kusubiri. Safari hii hawakutaka watu saba waamue. Walitaka kanuni: kila mgonjwa apewe alama, kompyuta ipange.

Ukiisoma orodha ya alama hizo kwa haraka utaona sayansi tupu. Sehemu kubwa ilitolewa kwa ulinganifu wa tishu, yaani kadiri alama za kurithi zilizo katika seli za mgonjwa zinavyofanana na za mtoaji. Hoja ilikuwa ya kweli: figo inayolingana hudumu zaidi. Lakini alama hizo hazikugawanyika sawa kati ya jamii za watu, na watoaji wengi walikuwa Wazungu. Kwa hiyo mgonjwa Mweusi, ambaye jamii yake inaugua figo kupita kiasi, alisubiri muda mrefu zaidi, bila mtu yeyote kuandika neno rangi popote. Makala za kitabibu zilianza kulisema wazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilichukua hadi mwaka 2003 kuondoa alama za sehemu moja ya ulinganifu huo, ile ya HLA-B. Dawa zilikuwa zimeshapunguza umuhimu wake. Pengo la rangi likapungua, na figo zilizopandikizwa hazikuharibika kwa wingi kama wengine walivyohofia.

Desemba 2014 kanuni nzima iliandikwa upya. Nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni saa ya kusubiri. Awali ilianza kuhesabiwa siku mgonjwa alipoandikishwa kwenye orodha, na anayeandikishwa mapema ni mwenye daktari mzuri na bima nzuri. Sasa aliyekwisha kuanza kusafishwa damu huhesabiwa tangu siku hiyo, hata kama aliandikishwa miaka minne baadaye. Kifungu kimoja tu, na watu waliosahauliwa na madaktari wao wakapanda juu ya orodha. Jambo la pili lina utata: asilimia 20 ya figo bora kabisa hupelekwa kwanza kwa asilimia 20 ya wagonjwa wanaotarajiwa kuishi muda mrefu zaidi. Zamani figo ya kijana iliweza kwenda kwa mzee wa miaka 75, huku kijana akipewa figo chakavu na kurudi kwenye orodha baada ya miaka michache. Pendekezo la awali la kulinganisha umri wa mtoaji na wa mpokeaji moja kwa moja liliachwa, kwa kuwa lilionekana kuwabagua wazee. Naona hoja ya matokeo ni nzito, ingawa nikiwa mtu ninayeelekea uzeeni siwezi kujifanya sina masilahi katika shauri hili.

Hata baada ya marekebisho hayo kulikuwa na namba moja iliyojificha ndani ya maabara. Uwezo wa figo hukadiriwa kwa kupima taka iitwayo kreatinini katika damu na kuiingiza katika fomula. Fomula iliyoenea tangu mwaka 1999 ilimtaka daktari, mgonjwa akiwa Mweusi, azidishe jibu kwa takriban 1.21, kwa dhana kwamba watu Weusi wana misuli mingi zaidi. Watu wawili wenye damu inayosomeka sawasawa walitoka maabara na majibu tofauti, na Mweusi alionekana kuwa na figo zenye afya kuliko zilivyokuwa. Asiyeanza kusafishwa damu huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri uwezo wa figo unaposhuka hadi 20. Mgonjwa mwenye uwezo wa 17 aliandikiwa kuwa ana 20.6, akaambiwa bado. Fomula hizo zilifika hadi katika maabara za bara letu, na watafiti waliozipima kwa wagonjwa wa Afrika wamekuta kwamba kizidisho hicho hakifai.

Wanafunzi wa udaktari na wanaharakati wa Marekani walikipigia kelele kizidisho hicho kwa miaka. Mwaka 2021 ilitolewa fomula mpya isiyo na rangi. Mwaka 2022 mtandao wa viungo ukapiga marufuku ile ya zamani. Na kuanzia Januari 2023 hospitali ziliagizwa kupekua majalada na kuwarudishia wagonjwa Weusi muda waliopunjwa. Wagonjwa zaidi ya 14,000 walirekebishiwa. Hayo yaliwezekana kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa vimehifadhiwa na kanuni iliyowapunja ilikuwa imechapishwa.

Kwetu upandikizaji ulianza Muhimbili Novemba 2017 kwa ushirikiano na madaktari wa India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Figo hutolewa na ndugu aliye hai, kwa hiyo hatuna orodha ya kugombania. Siku muswada wa kutumia figo za marehemu utakapowekwa mezani, watumishi wa umma mnaonisoma hapa huenda ndio mtakaouandika. Nitafungua kwanza ukurasa unaosema saa ya mgonjwa inaanza kuhesabiwa lini, na kama mgonjwa aliyekuwa akikosa fedha ya kusafishwa damu, akaenda mara moja kwa wiki badala ya tatu, wiki zake zitahesabiwa zote.