Kanisa Lililobaki, Ikulu Iliyohama

Msafiri anayezunguka peke yake katika mji wa Seville, kusini mwa Hispania, hana haja ya kuuliza historia iko wapi. Mnara wa Giralda, uliokamilika mwaka 1198, ulijengwa uwe wa msikiti. Baadaye msikiti ulivunjwa, kanisa kuu likajengwa juu ya kiwanja chake kwa zaidi ya miaka 100 hadi 1506, na mnara ukaachwa usimame, ukatiwa kengele. Kando yake lipo kasri la Alcázar, lililoanzishwa na watawala Waislamu na kuendelezwa na wafalme Wakristo, na familia ya kifalme ya Hispania bado ina vyumba vyake humo. Msafiri huyohuyo akishuka basi Runzewe, wilayani Bukombe, ataona malori yanayoelekea Rusumo, abiria wanaogombania magari ya Bwanga na Biharamulo, maduka ya vipuri, na vijana wenye vumbi la machimboni. Atashawishika kuandika kwamba hapa ni mahali pa barabara na dhahabu, pasipo kanisa la kale wala kasri. Atakuwa amekosea. Vyote viwili vilikuwepo katika nchi hii ya Wasumbwa, tena jirani, mwendo mfupi tu kuelekea mashariki, pale Ushirombo. Kinachompotosha ni kwamba anatafuta kwa macho ya Seville. Ikulu ya huku ilijengwa ili ihame, kanisa likajengwa ili libaki, na anayetaka kujua ikulu ilikuwa nini hana budi kuanza na kanisa.

Lakini kwanza neno lenyewe. Kwa Mtanzania wa leo ikulu ni makazi ya rais: ile nyumba nyeupe ya Dar es Salaam iliyoanzia enzi za Wajerumani na kujengwa upya na Waingereza, na sasa ile ya Chamwino iliyozinduliwa Mei 2023. Lakini Wanyamwezi, Wasukuma na Wasumbwa walikuwa wakilitumia neno hilo kwa makazi ya mtemi zamani kabla ya Mjerumani kuweka jiwe la kwanza pwani. Karibu na Tabora, makao makuu ya utemi wa Unyanyembe yaliitwa Kwikuru, yaani kwenye ikulu. Ikulu hiyo ilikuwa mji mzima: nyumba ya mtemi na za wake zake, ngoma za utawala, maghala, wazee wa baraza, wanyampara waliokuja na kodi na mashauri, na kuzunguka vyote hivyo boma la miti au la minyaa. Kumbe neno ambalo Jamhuri imelipa heshima kuliko yote ya serikali limetoka kwa watu wanaoambiwa hawakuwa na kasri.

Mtemi alipofariki, mara nyingi mrithi wake hakuingia katika nyumba hizo. Moto wa zamani ulizimwa katika himaya nzima, moto mpya ukapekechwa na kugawiwa, na ikulu mpya ikajengwa pahali pengine. Kilichohama ni vitu vya kubebeka: ngoma, kiti, na vibangwa, zile sahani za kombe la bahari zenye ukubwa wa kiganja, zilizosuguliwa hadi zikawa laini na kutobolewa katikati ili zipitishiwe kamba na kuvaliwa. Hebu kifikirie kitu hicho. Kimevuliwa Bahari ya Hindi, kimepanda bara kwa mabega ya wapagazi kwa miezi kadhaa, kikawa alama ya utemi mahali ambapo wengi hawakuwahi kuonja maji ya chumvi. Utawala unaotegemea vitu vya namna hiyo hauhitaji kuta za mawe ili udumu. Unaukubali udongo unyeshewe na mvua, miti iliwe na mchwa, na ukuu wenyewe uendelee kilomita mbili mbele. Zile kuta hazikukosekana kwa unyonge wa wajenzi. Kwa watu wale, nyumba ya marehemu ilikuwa mali ya marehemu.

Ushahidi wa maandishi upo, na kwa bahati njema umetoka kwa wavumbuzi wawili wageni waliopita kwa nyakati tofauti. Mwaka 1861 Speke, akiwa njiani kwenda Karagwe na Buganda, alipita nchi aliyoiandika Sorombo, ndiyo Ushirombo, na mtemi wake Makaka akamng'ang'ania afike ikuluni na kulipa hongo ya nguo. Speke alilalamika sana, kama kawaida yake, juu ya ulafi wa watemi wa njia ile. Anayesoma malalamiko hayo kwa utulivu anaona serikali inayotoza ushuru wa kupita kwa utaratibu unaoeleweka: bei inatajwa, inakataliwa, wajumbe wanakwenda na kurudi, na ngoma hailii kutangaza kwamba deni limelipwa mpaka mtemi aridhike. Aprili 1876 akaja Stanley, akitokea kaskazini. Mji aliouita Serombo aliukadiria kuwa na mzunguko wa maili mbili na nusu, nyumba zaidi ya 1,000, na watu wapatao 5,000. Mtemi alikuwa kijana wa miaka 16 aitwaye Ndega, mwana wa Makaka aliyefariki miaka kama miwili nyuma, na wazee wakimsaidia kutawala. Hapo ndipo Stanley alipokutana na Mirambo. Mtu ambaye misafara ilimwogopa kutoka Tabora hadi Ujiji alikuja kwa amani, na tarehe 22 Aprili Manwa Sera, kiongozi wa msafara wa Stanley, akawachanjia udugu wa damu, kila mmoja akichanjwa mguu wa kulia.

Msomaji mkali atasema Stanley alikuwa hodari wa kutia chumvi, na kwamba mtu aliyekaa siku chache hawezi kuhesabu nyumba 1,000. Ni kweli, na mimi nisingeweka dau langu kwenye ile 5,000. Ila hoja haisimami juu ya tarakimu. Speke na Stanley hawakupenda sifa za kugawana, wala Stanley hakuwa na sababu ya kubuni jina la baba wa Ndega ili lilingane na jina la mtemi aliyemtoza Speke miaka 15 kabla. Jina Makaka linatokea kwa wote wawili, katika nchi ileile, mara ya kwanza akiwa hai na mara ya pili akiwa marehemu mwenye mrithi. Hiyo ni nasaba, na penye nasaba, ushuru na baraza pana dola, hata kama ni ndogo. Tena Mirambo, aliyekuwa na ikulu yake Urambo na ambaye hakupoteza siku zake bure, hakuuchagua mji huo kwa mkutano ule kwa sababu ya mandhari. Ukimwambia mtu wa Seville kwamba boma la minyaa si kasri atakubali haraka, lakini mkumbushe pia kwamba Alcázar imebomolewa na kujengwa upya na karibu kila aliyeitawala, na anachokiona leo ni viraka vya karne nyingi. Waliobaki mahali pamoja waliweka kiraka juu ya kiraka, na waliohama wakaacha viwanja.

Mwaka 1891 Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walifungua misheni Ushirombo. Shirika lao lilianzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, na walikuwa wamejifunza kwa gharama kubwa kwamba misheni iliyo mbali na mtemi haina chakula, haina ulinzi, wala haina wasikilizaji. Kwa hiyo walifuata penye watu, na penye watu palikuwa ni kwa mtemi. Nani angepanda msalaba porini, katikati ya mbung'o na simba, wakati mji ulikuwepo? Uchaguzi wao una uzito wa ushahidi wa tatu, mbali na Speke na Stanley, maana hawa walikuja kukaa na maisha yao yalitegemea hesabu hiyo. Kabla karne haijaisha Masista Weupe nao walifika, pakawa na watoto waliokombolewa utumwani, mashamba, na kijiji cha Wakristo. François Gerboin, askofu wa Unyanyembe kuanzia 1897 hadi alipofariki 1912, aliweka makao yake Ushirombo, wala si Tabora yenye soko, reli iliyokuwa inakuja na boma la Wajerumani. Vikariati yake, yaani eneo lake la uaskofu, ilibeba Burundi pia. Mapadre waliofungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, ile ya zamani kuliko zote zinazosimama Burundi leo, walitokea Ushirombo. Kwa miaka ile, basi, mambo ya kanisa ya nchi nzima ng'ambo ya mto Malagarasi yaliamuliwa katika mji ambao abiria wa leo anaupita akisinzia.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko lile la Stanley. Kanisa hilo, wengine watasema, ni la wageni. Lilikuja mkononi mwa ukoloni, na kulitumia kuisoma ikulu ni kumwachia mshindi asimulie kifo cha aliyeshindwa. Nusu ya pingamizi hili naikubali. Mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wanapanda bara, na Januari 1893 mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake badala ya kutekwa; utemi na misheni havikukua katika amani moja. Hata hivyo mapadre wachache hawakuweza kufyatua tofali, kukata miti, kubeba maji na kulisha wajenzi. Mikono ilikuwa ya Wasumbwa na ya watu wa kila kabila walioletwa na njia ya utumwa, na waliokwenda kufundisha vijijini walikuwa makatekista, watu wa hapahapa. Tena wamisionari wenyewe walikuja kukiri kwamba lugha ya ukuu katika nchi hii ni ya ikulu. Pale Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement kutoka Kanada alijenga katika miaka ya 1950 kanisa la msonge, nyumba ya Ekaristi ikafuata umbo la nyumba ya mtemi, na kando yake likawekwa jengo lenye umbo la kiti cha utemi, la kutunzia ngoma za watemi. Serikali ilifuta utemi mwaka 1963. Ngoma zilipata pa kukaa, na mwenye nyumba alikuwa padre.

Na Runzewe yenyewe? Kwamba ni mji mpya, hilo sibishani nalo. Umekuzwa na barabara ya lami, Operesheni Vijiji ya 1974 na dhahabu ya ukanda huu, kama Katoro na Masumbwe. Ila njia ndiyo kongwe. Wasumbwa walikuwa wanakwenda magharibi kwa biashara ya shaba kabla mzungu hajaliona Ziwa Tanganyika. Mmoja wao, Ngelengwa mwana wa Kalasa, alibaki Katanga, akaitwa Msiri, akajenga dola ya Wayeke na ikulu yake Bunkeya, akitawala kwa mila alizotoka nazo nyumbani. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alimpiga risasi akafa. Ni mwaka uleule mapadre walipoanza kujenga Ushirombo. Ukoo wa Msiri bado una mwami, yaani mtawala wa jadi, huko Bunkeya, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na mipaka miwili au mitatu, ambako hakuna anayeuliza kama Wasumbwa waliwahi kuwa na kasri. Malori ya leo yanayopita Runzewe yanakwenda upande uleule.

Lipo bado swali la nini kihifadhiwe, nalo sheria yetu imelijibu kwa namna ambayo wengi hawajaitafakari. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kuwa kumbukumbu ya taifa jengo, ngome, kaburi, hata jalala la kale, ilimradi limefanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho kanisa la Ushirombo limechelewa kwa miaka isiyopungua 28, na haliingii mpaka waziri mwenye dhamana alitangaze. Lakini Speke alilipa hongo kwa Makaka mwaka 1861. Kiwanja alichosimama akibishania nguo, jalala la jiko la ikulu ile, mashimo ya nguzo za boma na makaburi ya waliomtangulia Makaka, popote yalipo chini ya mihogo na mahindi ya mtu, yana haki ya kulindwa leo hii bila tangazo la yeyote. Ikulu isiyoonekana inalindwa na sheria. Kanisa linaloonekana halijafikia sifa. Mwakiolojia atakayekuja kuitafuta atashauriwa kwanza amwone paroko, maana shajara za misheni ndizo zilizoandika mtemi alikaa upande gani.