Kambi za wadukuzi: historia iliyobaki vinywani

Agosti 1993, mkoani Flevoland huko Uholanzi, mamia ya watu walipiga mahema, wakatandaza nyaya kwenye nyasi na kuunganisha kompyuta zao. Kambi hiyo iliitwa Hacking at the End of the Universe. Nyuma yake walikuwepo watu wa jarida dogo la Hack-Tic, waliokuwa na mkono pia katika mkutano wa 1989 ndani ya Paradiso, kanisa la zamani mjini Amsterdam. Siku tatu zikapita, mahema yakang'olewa, nyaya zikakunjwa, pakabaki nyasi.

Tangu hapo Waholanzi hurudia kila baada ya miaka minne, na kila mara kambi huja na jina jipya: Hackers at Large 2001, What the Hack 2005, Still Hacking Anyway 2017. Ile ya 2021 ilisogezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona. Wajerumani wa Chaos Computer Club walianza yao 1999, na miaka ya karibuni huifanyia Mildenberg, kwenye kiwanda cha zamani cha matofali.

Sisi tunawaita wadukuzi, na neno letu lina hukumu ndani yake. Kudukua ni kusikiliza ya watu kwa siri. Lakini katika kundi lile la Hack-Tic ndimo ilimozaliwa XS4ALL, mwaka huohuo wa 1993, kampuni iliyowapa Waholanzi wa kawaida intaneti mapema. Mwanzilishi wake mmoja, Rop Gonggrijp, alikuwa mstari wa mbele mwaka 2006 kuonyesha kuwa mashine za kura za nchi yake zinaweza kuchezewa. Uholanzi ikarudi kwenye karatasi na penseli. Mkenya hahitaji kufafanuliwa uzito wa hilo.

Mimi sijafika huko. Nawajua kwa mihadhara yao iliyorekodiwa, ninayoitazama usiku watu wa nyumbani wakishalala. Na hapo ndipo nilipoona pengo. Jukwaa limehifadhiwa vizuri, ila maisha ya kambini hayamo. Kwa mfano, wana vile vyoo vya plastiki vya kubebeka, ndugu wa vile tunavyokodi kwenye harusi. Humo ndani hufunga mitambo ya intaneti isinyeshewe, na nyaya hutoka kwenda mahemani. Wajerumani huviita Datenklo, choo cha data. Mtambo utaukuta kwenye picha. Nani alilichimba bomba usiku wa mvua, nani aliwapikia waliokesha, hayo yako kwa wenyewe tu, na aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1993 sasa amevuka hamsini.

Wasiposimulia wao, watasimuliwa. Mwaka 2005 meya wa Boxtel alikataa kwanza kuwapa kibali, akihofia usalama, kisha kibali kikatoka na kambi ikafanyika. Faili la ofisi litaihifadhi hofu ya meya. Vicheko vya wiki ile havina faili.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili. Kitabu cha wafalme wa Pate kinasemwa kiliteketea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890. Tulichonacho leo kimetoka zaidi kwa Bwana Kitini, aliyekuwa nacho kichwani, na nakala zake hazilingani. Mimi naona afadhali hivyo. Nakala nne zinazobishana zinanifaa kuliko moja iliyonyamaza.

Ugumu wa wadukuzi ni mwengine: wengi hujulikana kwa majina ya utani, na kambini kumpiga mtu picha bila idhini yake ni utovu wa adabu. Utaihifadhi vipi historia ya watu wasiotaka kuonekana? Njia ipo, nayo si ya kutumia kamera. Rekodi sauti peke yake. Liache jina la utani kama lilivyo. Msimulizi asikilize kwanza alichosema, akate anachotaka kukata, na nakala moja abaki nayo yeye. Wakae watatu au wanne waliokuwa kambi moja, maana mmoja akikosea mwaka, mwenzake atamkatiza, na katika kukatizana huko hutoka yale ambayo hakuna aliyekuja nayo. Swali la kuanzia lisiwe kubwa. Waulizwe walilala wapi usiku wa kwanza.